Uchovu Usio na Shahidi

Chama chetu cha kina mama, ambacho kwa miaka mingi kimesaidia mazishi, arusi na karo katika mtaa mmoja wa viunga vya Nakuru, kina sharti moja lisilo na huruma: akosaye kuja kupika matangani hulipa faini, na udhuru unaokubaliwa ni wa namna tatu tu, nao ni kujifungua, kulazwa na kufiwa. Miaka michache iliyopita sharti hilo lilimpata mwenzetu mmoja, mwanamke kijana aliyekuwa akipanga waridi katika shamba la maua upande wa Njoro, ambaye alipoulizwa sababu alisema tu kwamba alikuwa amechoka. Palizuka kicheko. "Hata sisi tumechoka," akasema mweka hazina, na kwa hakika alisema kweli, maana hapakuwa na hata mmoja mle chumbani aliyeamka siku ile akiwa na nguvu za ziada. Faini ikaandikwa daftarini, naye akailipa bila kujitetea. Mimi sikucheka, wala si kwa sababu ya wema wangu. Jibu lake lilinirejesha ghafula katika miaka ambayo mimi nami nilikuwa na uchovu usio na shahidi, na tangu hapo nimekuwa nikiipekua miaka hiyo ili nijue iliniachia nini kiwezacho kumfaa mwingine.

Ilianza mwaka 2003, serikali ya Rais Mwai Kibaki ilipofuta karo katika shule za msingi na watoto wakatujia kwa wingi usiotazamiwa, wengine wadogo mno na wengine wakubwa kupita umri, hata mwaka uliofuata mzee Kimani Maruge, mwenye miaka 84, akajiandikisha darasa la kwanza kule Eldoret na kuwa habari ya dunia nzima. Sisi walimu tuliifurahia heri ile, ila heri hiyo iliketi sakafuni, watoto watatu kwa kitabu kimoja, katika msimu wa kiangazi ambapo vumbi la Nakuru huingia hata mahali palipofungwa. Nilikuwa mama wa watoto watatu, nikiamka kabla ya alfajiri kuteka maji siku ambazo mfereji ulitoa maji, na kurudi jioni na furushi la madaftari ya kusahihisha; basi nilipoanza kuchoka, hakuna aliyestaajabu, na mimi nilikuwa wa mwisho kustaajabu.

Lakini uchovu ule haukuwa wa kazi. Uchovu wa kazi naujua, nimelelewa nao katika mashamba ya pareto huko Molo, ambako mama yangu alichuma maua mgongo umeinama mpaka jua la utosi, akalala fofofo usiku, akaamka mzima. Huu wangu nililala nao na kuamka nao. Mwinuko mdogo wa kutoka stendi ya matatu hadi lango la shule, ambao wanafunzi waliupanda wakikimbizana, ulinilazimu kusimama katikati na kujifanya natafuta kitu mkobani, ilhali moyo ukinidunda masikioni. Nikiinua mkono kuandika sehemu ya juu ya ubao, bega liliwaka. Nikawa naandika nusu ya chini tu, na watoto wa nyuma wakawa hawana budi kusimama ili waone. Nywele zilibaki kwenye kitana. Na ndani ya mkoba wangu, chini ya madaftari, mlikuwa na kifungu cha odowa, yale mawe laini ya udongo yauzwayo sokoni kwa mafungu, niliyoyatafuna kwa siri kwa uchu nisioweza kuueleza. Mvua ya kwanza iliponyesha juu ya vumbi, harufu yake ilinitoa mate kuliko pilau.

Watu wa nyumbani hawakuwa wabaya. Mume wangu aliniambia nipumzike, na alisema kwa mapenzi, kisha akauliza chakula kiko tayari lini. Mwalimu mkuu alinipa kipindi kimoja cha bure. Mama mkwe, aliyezaa watoto tisa na kuwanyonyesha wote, aliniangalia kwa huruma iliyochanganyika na dharau kidogo, akasema, "Mwanangu, sisi hatukuwa na nafasi ya kuchoka." Nimelitafakari neno lake hilo mara nyingi. Hakuna shaka kwamba yeye naye alichoka, pengine kuliko mimi; ila katika zama zake hapakuwa na mtu wa kumwambia, na jambo lisilo na msikilizaji huishia kusahauliwa hata na aliyelipata.

Nikaanza kuzunguka kwa matabibu. Kila mkazi wa Bonde la Ufa anaijua safari hii na vituo vyake: duka la dawa kwanza, kisha zahanati ya mtaani, kisha majibu ya maabara yanayofanana kwa kila mtu, yaani homa ya matumbo, ameba na brusela. Mimi nilipewa brusela. Sitaki kuyafanyia mzaha maradhi hayo, kwa kuwa ni ya kweli nayo hutesa wafugaji na wanywaji wa maziwa mabichi, huleta homa ya kuja na kwenda, jasho la usiku, maumivu ya viungo na uchovu usioisha, na hutibiwa kwa dawa mbili kwa majuma sita. Lakini mimi sikuwa na homa wala jasho, na maziwa yetu tuliyachemsha. Kipimo cha haraka kilichokuwa kimeenea zahanatini wakati ule, cha kuchanganya tone la damu na tone la dawa juu ya kigae na kutazama kama vitagandamana, kilikuja kuthibitishwa na watafiti hapa Kenya kuwa huwahukumu watu wengi wasio na ugonjwa. Nilizimeza dawa zile nikamaliza, tumbo likachafuka, na uchovu ukabaki mahali pake. Dada mmoja wa kanisani akanishauri nifunge. Jirani mwingine akanong'ona kwamba kuna mtu hafurahii cheo changu, ingawa cheo chenyewe kilikuwa cha mwalimu wa darasa la nne.

Aliyenitambua alikuwa tabibu wa kike katika hospitali ya serikali, mtu mzima, mwenye foleni ndefu mlangoni, ambaye sikukaa mbele yake zaidi ya muda wa kunywa kikombe cha chai. Alinishika mkono, akazigeuza kucha zangu kwenye mwanga wa dirisha. Zilikuwa nyembamba na zimebonyea katikati. Akavuta chini kope la jicho, akatazama. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwalimu, unakula mawe?"

Nilishtuka kama mwanafunzi aliyekutwa na kitu mdomoni. Kabla sijajibu akauliza la pili: usiku wa hedhi naamka mara ngapi kubadilisha? Swali hilo hakuna tabibu aliyekuwa ameniuliza, wala mimi sikuwa nimewahi kulitaja, kwa haya niliyofunzwa tangu utotoni na kwa kudhani kwamba hali yangu ndiyo hali ya wanawake wote, kwani mama yangu na dada zangu nao walikuwa hivyo hivyo. Akaniandikia kipimo cha damu na picha ya tumbo ya mawimbi ya sauti. Damu ilirudi na hemoglobini ya 7.1, na picha ikaonyesha uvimbe katika mfuko wa uzazi, ule ambao wengi wetu huuita faibroidi.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, kwa hiyo yaliyonituliza yalikuwa ni hesabu. Hedhi ipitayo mililita 80 kwa mwezi huhesabiwa kuwa ni nyingi. Kila mililita 2 za damu huondoka na takriban miligramu 1 ya madini ya chuma. Na utumbo wa binadamu, hata akila vizuri, huingiza mwilini miligramu 1 au 2 tu kwa siku, na sehemu ya hizo hupotea katika mambo mengine ya mwili. Mwanamke apotezaye maradufu ya mililita hizo, mwezi baada ya mwezi, anaishi kwa deni, na mwili hulilipa deni hilo kwa kuchota akibani hadi akiba ikauke. Mwanamke asiye mjamzito huambiwa ana upungufu wa damu akiwa na hemoglobini chini ya 12. Tena sisi wa Nakuru, tunaokaa takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, miili yetu hutengeneza damu nzito kidogo kwa sababu ya wepesi wa hewa, hata wataalamu hukipandisha kiwango hicho kwa wakaao milimani. Kwa maana hiyo mwanamke wa Molo au Elburgon aliyeambiwa kwamba 12 yake ni nzuri, huenda akiba yake imekwisha na hakuna aliyeona.

Nilipewa vidonge vya chuma, na nasaha iliyoniuma kuliko vidonge: nisinywe chai pamoja na chakula, wala karibu na dawa. Msomaji asiye wa huku atacheka. Sisi tuko karibu na mashamba ya chai ya Kericho na Nandi, chai ni salamu yetu, na chai ya maziwa ya saa nne katika chumba cha walimu ndiyo iliyokuwa raha yangu ya pekee kutwa nzima. Kumbe chai huyafunga madini ya chuma ya mboga na nafaka yasiingie mwilini, na maziwa nayo hayasaidii. Basi nikawa nakamua chungwa au ndimu juu ya terere na managu, nakula maini Jumamosi, na chai naisogeza mbali na mlo. Vidonge vilinifungisha choo na kukitia weusi, jambo ambalo tabibu alikuwa amenionya, na kama asingenionya ningeviacha siku ya tatu kama wafanyavyo wengi. Kitu cha kwanza kuondoka kilikuwa uchu wa odowa. Ulitoweka kabla ya nguvu kurudi, na siku nilipokikuta kile kifungu mkobani nikakishangaa kama mali ya mtu mwingine. Uvimbe wenyewe ulikuja kutolewa baadaye, kwa upasuaji ambao sina la ajabu la kueleza juu yake.

Nilimwonyesha mama mkwe karatasi ya maabara. Hakujua kusoma, ila alijua kwamba hospitali haiandiki kitu bure, na kuanzia jioni ile mtoto wa shemeji yangu akawa analetwa kuteka maji. Karatasi ile ilinipa heshima ambayo maneno yangu ya zaidi ya mwaka hayakuipata. Nilifurahi, na wakati huo huo nilitahayari kwa niaba yetu sote, kwa sababu mwili wangu ulikuwa umetoa ushahidi wazi ubaoni mbele ya wanafunzi kila siku, na ushahidi huo haukuhesabiwa mpaka ulipopigwa muhuri.

Niliporudiwa na siha nikaanza kuwatazama wanawake wenzangu kwa jicho la tabibu yule. Katika chumba cha walimu peke yake wawili walikuwa na odowa, na mmoja alikuwa akitafuna barafu. Walipokubali kwenda kupimwa, wote walikutwa na upungufu. Tangu 2012 sheria ya Kenya imewataka wasagaji wa unga wa pakiti kuuongezea madini ya chuma na vitamini, hatua njema isiyo na ubishi, lakini mahindi yanayobebwa kichwani kwenda posho mill, ambayo ndiyo chakula cha kaya nyingi za Bahati, Subukia na Njoro, hayapiti katika mikono hiyo, na maskini hubaki na unga wake mtupu. Tena damu si yote. Uchunguzi wa serikali wa matumizi ya muda, uliofanywa mwaka 2021, ulionyesha kwamba mwanamke wa Kenya hutumia katika kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa takriban mara tano ya muda anaotumia mwanamume. Mimi nilitibiwa damu. Ratiba yangu haikutibiwa na mtu, na nusu ya kupona kwangu ilitokana na yule mtoto wa kuteka maji, ambaye hakuna daktari aliyemwandika katika cheti.

Haya yote ndiyo niliyoyabeba nilipomfuata nyumbani mwenzetu yule aliyetozwa faini. Nilikwenda nikiwa na hakika ya jibu. Nikamtazama kucha: nzima. Kope: jekundu. Odowa hakuwahi kuitamani. Alikuwa na bahasha ya majibu ya maabara nene kuliko yangu ya zamani, hemoglobini yake ikiwa 14, tezi ya shingo salama, sukari salama, kifua kikuu hakuna, virusi vya Ukimwi hakuna, figo na ini havina neno. Kila karatasi ilisema yu mzima. Alinieleza, akiwa amelala ubavu kwa sababu kuketi kulimchosha, kwamba mwaka 2021 aliugua Korona, homa ikaisha, kikohozi kikaisha, akarudi kazini, na tangu hapo siku ikiwa ngumu kidogo, mathalani siku za kukaribia tarehe 14 Februari ambapo maua ya wapendanao wa Ulaya husafirishwa usiku na mchana, hakuchoka siku ile ile; alianguka kesho yake au kesho kutwa, mwili ukamuuma, akili ikawa nzito hata akasahau majina ya aina za waridi alizozipanga kwa miaka. Matanga yale tuliyomtoza faini yalikuwa siku ya pili baada ya zamu ndefu.

Kupona kwangu hakukunifundisha lolote la kumwambia, basi nikasoma. Nikakuta kwamba maradhi ya namna hii yana historia ndefu. Mwaka 1955 watumishi wa hospitali ya Royal Free mjini London, zaidi ya mia mbili, wengi wao wanawake, waliangushwa na ugonjwa ulioacha baadhi yao na udhaifu wa miaka. Na mwaka huo huo, huku kwetu Afrika, wauguzi wa hospitali ya Addington mjini Durban walipatwa na jambo linalofanana nalo. Mwaka 1970 madaktari wawili wa akili, McEvedy na Beard, waliandika kwamba mkasa wa London ulikuwa ni hofu iliyoambukizana tu, na miongoni mwa hoja zao ilikuwa kwamba wagonjwa wengi walikuwa wanawake. Rai hiyo ilitembea miongo kadhaa na kuwafungia milango wagonjwa wengi. Mwaka 2015 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa ripoti iliyotamka kwamba maradhi haya ni ya mwili, na kwamba alama yake kubwa ni kule kuzidiwa baada ya jitihada. Na mwaka 2021 taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, NICE, iliacha kupendekeza mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua bila kusikiliza mwili, baada ya wagonjwa kulalamika kwa miaka kwamba yanawadhuru.

Kwetu habari hiyo haikuwa imefika. Mzee mmoja wa kanisa, mtu mwema, alimhimiza afanye mazoezi asubuhi, akamfuata hata mlangoni na kumtembeza hadi barabara ya lami. Mwenzetu alirudi kwa miguu yake mwenyewe. Siku mbili baadaye alishindwa kuinua kichwa, na majuma mengi yakapita kabla hajaweza tena kujiogesha mwenyewe. Hapo ndipo nilipoelewa tofauti yetu. Mimi, damu iliporudi, nilihitaji kusukumwa kidogo, na aliyenisukuma alinifaa. Yeye kila msukumo ulimtoza riba. Neno "jikaze", ambalo huku kwetu hutolewa bure kwa kila mwanamke, kwangu lilikuwa halina maana na kwake lilikuwa na madhara.

Dawa ya kumponya haijapatikana. Kilichomfaa ni kupumzika kabla ya kuchoka, jambo gumu kwa mtu aliyelelewa kupumzika baada ya kazi. Anakata sukuma akiwa ameketi kwenye kigoda. Nguo hufuliwa kwa mafungu, leo mashati, kesho kutwa shuka, na siku ya shuka hapikwi githeri. Mumewe, ambaye mwanzoni aliona haya kuonekana kwenye kamba ya nguo, siku hizi huanika bila kutazama nyuma. Kwa mpango huo mianguko imepungua, ingawa haijaisha, na mwezi mzuri huwezi kumjua kuwa mgonjwa.

Shida iliyobaki ni kazi. Mwajiri wake hana ubaya, ila fomu yake ina nafasi ya kuandika jina la ugonjwa na tarehe ya kupona, na katika hayo mawili hakuna tuliloweza kujaza. Barua ya kwanza ya daktari ilirudishwa. Ya pili tuliiomba iandikwe vingine, na daktari akakubali: imeeleza, saa kwa saa, kazi anayoweza kuifanya na asiyoweza, ya kwamba anaweza kupanga maua akiwa ameketi kwa saa nne, asiwekwe zamu mbili mfululizo, wala zamu ya usiku mwezi wa Februari. Imekaa ofisini kwao tangu juma lililopita. Katika chama, nami nimeomba sharti la udhuru lijadiliwe upya, na mweka hazina ameniuliza tutamtambuaje aliyechoka kweli na anayekwepa sufuria. Nimemwambia kwamba hatutamtambua, na kwamba afadhali wakwepaji wawili waponyoke kuliko mmoja kama yule kutozwa tena. Bado hajakubaliana nami.